Pua ya Mzee Nukta

4 Machi

Mwanangu mpenzi, mama yangu,

Salamu nyingi sana. Hujambo huko? Mimi hapa sijambo, ila mafua. Si mafua ya kuchezea, mama. Yameniingia Jumatatu na leo ni Alhamisi, nimeshamaliza leso zote za droo ya juu, sasa natumia za marehemu mama yako, zile zenye maua pembeni. Nikipiga chafya, Mshonaji wa chumba cha pili anaacha cherehani yake na kunigongea ukuta. Kugonga kwenyewe sikusikii, maana masikio yangu niliyaacha kiwandani kwenye zile mashine za kuchapa, lakini picha ya harusi yetu inatikisika, basi najua tayari nimeshagombezwa.

Barua yako ya mwisho ni ya Oktoba. Sikulaumu. Ilikuwa nusu ukurasa, mistari kumi na mmoja, ukihesabu na tarehe. Najua duka la dawa lina kazi, watu hawaugui kwa zamu. Mimi tangu nistaafu sina prufu, zile kurasa za majaribio za kiwandani, ya kusahihisha, kwa hiyo nasahihisha kila kinachopita mbele yangu: kalenda, tiketi za basi, matangazo ya benki. Juzi nimemwonyesha kinyozi wa kona kosa kwenye kibao chake, akaniuliza nimekuja kunyoa au nimekuja kumfundisha kazi. Wenzangu waliponipa jina la Mzee Nukta hawakukosea.

Uliniambia niwe nakwenda posta kukupigia simu. Nitapiga nisikie nini, mama? Niseme peke yangu dakika tatu kisha nirudi nyumbani? Hilo naweza kulifanya hapa hapa kitini, na nalifanya.

Chumba chako kiko vilevile. Asubuhi nafungua dirisha, jioni nafunga. Usihangaike na mafua yangu, nimeyataja kwa sababu sikuwa na habari nyingine.

Ni mimi baba yako,
Mzee Nukta

15 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako imenifikia jana, nimeisomea nyuma ya kaunta huku mteja akinigongea kioo kwa ufunguo. Pole, Baba. Pole sana. Mafua siku nne na uko peke yako humo ndani, nani anakuchemshia hata maji?

Nimekutumia kifurushi kwa basi. Ndani kuna kichupa cha kupuliza puani, na paketi ya vidonge vya kufungua pua. Nisikilize vizuri. Anza na kichupa peke yake. Unapuliza mara moja kila tundu, asubuhi na jioni, kwa siku tatu. Siku ya nne unakitupa, hata kama bado kimejaa, usikionee huruma. Vidonge viache kwanza. Ni vya kutumia endapo kichupa kimeshindwa kabisa, na havitumiki pamoja nacho. Soma pia ile karatasi ya maelezo iliyokunjwa ndani ya boksi, yote.

Na kuna swali ninalomuuliza kila anayekuja dirishani kwangu, hata awe mkuu wa mkoa: una presha? Una matatizo ya moyo? Dawa hizi zinabana mishipa ya damu, ndivyo zinavyofungua pua, na mwenye presha zinaweza kumpandisha vibaya. Kama unayo, usiguse chochote humo. Nijibu kwanza.

Unakumbuka nikiugua mafua, mama alivyokuwa anatuweka wawili chini ya taulo moja, beseni la maji ya moto katikati? Wewe hukuwa unaumwa. Ulikuwa unaingia tu ili nisiogope giza la chini ya taulo. Jana nimeikumbuka hiyo nikiwa napanga makopo kwenye rafu, nikasimama nayo mkononi mpaka msaidizi wangu akaniuliza kama nimeishiwa nguvu.

Nakaa chumba cha juu, chini yake wanaziba pancha za magari. Kuanzia saa moja asubuhi ni nyundo na pampu. Kitanda changu nimekisogeza ukutani upande ule ule kilipokuwa nyumbani, maana nilikuwa naamka nashusha miguu ukutani, naumia vidole. Miaka miwili sasa na bado naamka nikitafuta mlango upande ulipo huko nyumbani. Dada ninayefanya naye kazi anasema naongea usingizini. Anadai nasema "tayari, Baba, tayari," kama mtu anayechelewa shule.

Nimeandika kurasa nne bila kujua. Niandikie unavyoendelea, usikae kimya.

Mwanao

27 Machi

Mama yangu,

Kurasa nne! Nimezipima kwa mkono, ni nzito. Nimezisoma mara moja kwenda mbele, kisha nikazisoma kurudi nyuma, kuanzia "Mwanao" mpaka "Baba". Unajua kiwandani ndivyo tulivyofundishwa. Prufu inasomwa kutoka mwisho, neno moja moja kurudi juu, ili habari yenyewe isikubebe ukaacha makosa yakapita. Nimekaa na kazi hiyo miaka thelathini na minane. Barua yako nimeisoma hivyo ili isiishe upesi.

Kifurushi nimepata. Mafua bado yamening'ang'ania, mama, tena usiku ndiyo zaidi. Dawa yako ni kiboko, nikipuliza tu pua inafunguka nasikia mpaka harufu ya sabuni ya Mshonaji. Karatasi ya maelezo nimeisoma yote, herufi kwa herufi. Wamerudia mstari wa nane mara mbili, na chini kabisa kuna herufi imekaa kichwa chini. Dawa ya watu wazima kuchapwa kizembe namna ile! Nitawaandikia.

Kuhusu presha, mwanangu, mtu wa miaka sitini na sita asiye na presha huyo ameshazikwa. Mimi niko ngangari.

Ile habari ya taulo sikujua kama unaikumbuka. Niandikie nyingine ya aina hiyo. Nikiwa naumwa napenda sana kusoma.

Baba yako

9 Aprili

Baba,

Shikamoo. Leo naandika kama mtu wa dawa, kwa hiyo usinikasirikie.

Mafua ya wiki tano si mafua. Kichupa umekitumia siku ngapi? Nijibu kwa tarakimu, usinijibu kwa hadithi. Nilisema siku tatu. Na hujanijibu habari ya presha. Kunichekesha si kunijibu, Baba, wateja wangu wa dirishani wananifanyia hivyo hivyo na huwa siwauzii.

Safari hii nimekuwekea maji ya chumvi ya kusafishia pua. Hayana ukali wowote, tumia utakavyo. Na tafadhali usinunue dawa nyingine ya mafua huko mtaani ukachanganya. Majina ya kwenye maboksi ni tofauti, ila kilichomo mara nyingi ni kile kile, unajikuta umekunywa dozi mbili kwa mpigo.

Likizo yangu ya Aprili imeshindikana. Tuko wachache, mkuu wangu amenikatalia. Nilitamani kuja kukuangalia mwenyewe.

Umeniomba habari nyingine. Kuna mzee anakuja dukani kila Ijumaa kununua plasta. Kidonda hana. Anasimama, anauliza bei ya hiki na kile, ananiambia mjukuu wake amekuwa wa ngapi darasani, ananunua plasta moja anaondoka. Wenzangu wanamcheka. Mimi nampa kiti. Ana mabega kama yako, yameinamia mbele kama anatafuta kitu mezani.

Jibu maswali yangu yote mawili.

Mwanao

20 Aprili

Mama,

Umesema tarakimu, haya: ishirini na nne. Usipige kelele, sisikii.

Siyo ubishi, mwanangu. Nikikaa saa nne bila kupuliza, pua inaziba kama chupa ya gundi. Nalala nimekaa. Naamka mdomo umekauka, natafuta kichupa gizani kama mtu anayetafuta miwani. Cha kwako kiliisha, nikanunua kingine duka la kona, na jana cha tatu. Kimoja kiko chini ya mto, kimoja mfuko wa koti. Maji yako ya chumvi nimejaribu, mama, ni sawa na kumtuma mtoto akagombane na bondia. Mwenye duka akaniongezea na vidonge vyake vya rangi mbili, akasema vinakwenda pamoja vizuri, navyo ninakunywa kwa zamu na vile vya kwako. Dawa ya moto ni moto.

Ila moyo wangu siku hizi una haraka. Nikilala unakimbia kama ile mashine namba mbili ilivyokuwa ikikimbia msimu wa vitabu vya shule. Na kisogo kizito, kama nimebebeshwa sanduku la zile herufi za risasi za kiwandani. Nadhani ni uzee unabisha hodi.

Likizo kukataliwa si kosa lako. Nilikuwa nimetoa godoro lako nje likapigwa na jua, nimelirudisha tu. Huyo mzee wa plasta mpe salamu zangu, mwambie namwelewa.

Andika kirefu, mama. Kama ile ya kwanza.

Baba yako

26 Aprili

Kwa binti wa Mzee Nukta,

Salamu mwanangu. Ni mimi Mshonaji, jirani wa baba yako, yule niliyekushonea sare ya darasa la saba ikakubana kwapani. Kuandika si kazi yangu, nivumilie.

Kwanza tulia. Baba yako yu hai na yuko nyumbani kwake. Jana asubuhi nilisikia kiti kinaanguka. Nikagonga ukuta, picha ikatikisika bila shaka, ila hakunijibu kwa kupiga chafya kama kawaida yake. Nikaingia nikamkuta chini kati ya meza na kitanda, anashika kichwa, anasema maneno yasiyoeleweka. Nikaita vijana wa gereji wakambeba mpaka zahanati. Presha mia moja tisini kwa mia moja na kumi. Nesi alipima mara mbili, akadhani mashine imeharibika.

Daktari akamwuliza, mzee unatumia dawa gani? Akalibana koti lake kifuani. Ikabidi nimsachi mwenyewe mbele za watu. Koti lilitoa kichupa, suruali ikatoa vidonge aina mbili. Daktari akavipanga mezani akasema, mama, hizi zote ni kazi moja, kubana mishipa, na mzee huyu ni mgonjwa wa presha wa miaka mitatu, kadi yake hii hapa. Tena vidonge vya presha anakunywa akikumbuka. Akasema na hilo la pua si mafua tena. Ni kichupa chenyewe. Ukikizoea, kila kikiisha nguvu pua inavimba zaidi ya mwanzo, unapuliza tena, inavimba tena.

Sasa nakuambia ambalo yeye hatakuambia. Kifurushi chako kilipofika mwezi wa tatu, baba yako alikuwa mzima. Mzima kabisa, mafua yalishaisha wiki nzima nyuma, alikuwa anaimba humo ndani mpaka najuta kuwa na masikio. Nikamwambia basi mwandikie mtoto umepona, umrudishie shukrani. Akanitazama akasema, "Nikipona ataacha kuandika." Nikadhani ni utani wake ule ule. Kisha nikaona anapuliza ile dawa. Nikamwuliza, sasa unapuliza nini na huna mafua? Akasema hawezi kukuongopea kavu kavu, akitumia dawa angalau nusu yake ni kweli.

Na likizo yako ilipokwama alikunja lile godoro peke yake, akakaa juu yake mpaka adhuhuri.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila huyu aliyafufua yaliyokuwa yamekwisha kufa. Nilikwenda posta kukupigia simu dukani kwenu, laini imekufa tangu mvua ya wiki iliyopita, ndiyo maana naandika. Wamemlaza mpaka jioni, presha ikashuka, akaruhusiwa kurudi. Daktari anasema akifuata masharti atakuwa sawa. Vichupa ninavyo mimi, nimevifungia kwenye droo ya vifungo.

Jirani yenu,
Mshonaji

29 Aprili

Baba,

Nimepata barua yako ya tarehe ishirini sasa hivi, sina muda wa salamu, basi linaondoka saa sita na dereva amekubali kuchukua bahasha hii.

Acha vidonge vyote. Vya kwangu, vya duka la kona, vyote, leo. Usinywe hata kimoja cha kumalizia. Kichupa kinakudanganya, Baba, sasa hivi kinachoziba pua yako ni chenyewe. Moyo kukimbia na kisogo kizito si uzee. Nenda zahanati ukapimwe presha leo hii, ikifika tu mkononi mwako barua hii, uiweke mezani uende. Mwambie Mshonaji akusindikize. Wabebee dawa zote wazione.

Baba, nakuomba. Kama hujawahi kunisikiliza, nisikilize leo.

Mwanao

7 Mei

Baba,

Shikamoo.

Barua ya Mshonaji imenifikia jana. Kwa hiyo nilipokuwa namkimbilia dereva wa basi na ile bahasha, ulikuwa umeshaanguka siku nne. Nimekaa na hesabu hiyo tangu jana na sijui niiweke wapi.

Nina hasira na wewe. Nianze na hiyo, kwa sababu nisipoisema itanikaba. Presha miaka mitatu! Mama alikuwa ndiyo kwanza ana mwaka mmoja kaburini, mimi niko humo humo ndani, nakutengenezea chai kila asubuhi, na wewe unaficha kadi. Swali nililokuuliza ni neno moja. Ungesema ndiyo, ningekuambia uvitupe vyote siku hiyo hiyo.

Halafu nina hasira na mimi. Mteja wa dirishani, mtu nisiyemjua, simpi dawa hiyo mpaka anijibu. Nikishaona anachekacheka namwambia mzee kapime presha kwanza, dawa haikimbii. Wewe nilikuuliza swali na dawa nikaiweka kwenye kifurushi kile kile. Nilikuwa na haraka ya kukufanyia kitu. Nimewafundisha wasaidizi watatu pale dukani wasifanye hivyo.

Na mimi pia nimekuongopea. Likizo ya Aprili sikunyimwa. Mkuu wangu alishasaini. Niliikata tiketi, nikairudisha. Na ya Desemba vile vile.

Siyo kwamba sikutaka kuja. Siku ile uliyonipeleka stendi uliniambia, "Nenda, ukikaa hapa utazeeka unanitengenezea chai." Nikapanda. Nikakaa dirishani nikikusubiri unipungie mkono, wewe ukawa umegeuka unasoma ratiba ya mabasi iliyobandikwa ukutani. Basi limeondoka unasoma. Nikajiambia, Baba amechoka na mimi. Nimelibeba hilo miaka miwili. Kisha nikajua nikija nitaondoka tena, na kuondoka mara moja tu kuliniuma miezi sita, Baba. Barua nazo hivyo hivyo. Nikikuandikia yaliyo moyoni, kesho yake sifai kazini, nampa mtu dawa ya kikohozi ameomba ya tumbo. Ndiyo maana nilikuwa naandika mistari kumi na mmoja. Ulipougua nikapata la kusema. Kwenye dawa huwa sipotezi njia.

Jana nilifunga begi nipande basi la kwanza. Mshonaji ameandika umesharudi nyumbani, presha imeshuka. Nikakaa kitandani begi likiwa miguuni, nikajiuliza: nikienda leo, Baba atajifunza nini? Atajifunza kwamba siku nne za mafua ni kurasa nne, na kuanguka ni binti mwenyewe mlangoni. Utanihitaji tena mwakani, utatafuta ugonjwa mwingine, na wewe ukitafuta kitu hukosi. Nikalifungua begi. Nimelia mpaka dada wa kazini akanipangusa kwa kitambaa cha kaunta. Nisamehe kwa kutokuja. Sijui kama nimefanya sawa.

Ila kuanzia leo nakuandikia kila Jumamosi. Ukiugua nitaandika, ukiwa mzima nitaandika. Sitatuma dawa hata moja, za presha utachukua zahanati, utakunywa kila siku ukikumbuka usikumbuke. Kuhusu pua, mwombe Mshonaji kichupa kimoja, ila uache tundu moja kwanza. Endelea kidogo na la pili, asubuhi na jioni tu, mpaka hilo la kwanza lifunguke lenyewe, kisha uache yote. Muulize daktari kwanza kama anaruhusu, kwa sababu ya presha yako. Akikataa, basi acha yote kwa mpigo, uvumilie na maji ya chumvi. Wiki moja au mbili itakuwa mateso. Itapita.

Nakupenda, Baba. Sijui kwa nini hatusemagi.

Mwanao

22 Mei

Mama yangu,

Nina barua zako mbili mbele yangu, hiyo ya hasira na ya Jumamosi iliyofuata, ile ya paka wa hao waziba pancha wa chini yako. Nimezisoma kwenda mbele tu. Kurudi nyuma nimeacha.

Habari ya tundu moja moja daktari alishaikataa tangu siku ile niliyoanguka. Kasema kwa presha yangu ni kuacha yote, siku hiyo hiyo. Haki ya Mungu, mwanangu, siku nne za kwanza nilimchukia kila mwenye pua. Nilikwenda kwa Mshonaji nikamwomba anipe kichupa kimoja tu, nikishike, nisikifungue. Akanionyesha mkasi. Siku ya tano upande wa kushoto ukalegea. Siku ya kumi nililala chali. Jana asubuhi nimepima presha: mia moja thelathini na mbili kwa themanini na nne. Nesi kaandika kwenye kadi, nikamwambia moja yake inafanana na saba, akasema mzee umeshapona, nenda nyumbani.

Ile karatasi ya maelezo nimeitoa nikaisoma tena, safari hii kama mtu. Mstari wa tano, herufi nzito: wenye presha wasitumie. Wa saba: isizidi siku tatu. Mama, nilikuwa nimeupita mstari wa saba mara mbili nikifuatilia kosa la mstari wa nane. Nimelipwa maisha yangu yote nisisikie ukurasa unasema nini, nami nikawa fundi wa hilo.

Ratiba ya stendi niliisoma mara tatu siku ile. Sikumbuki basi hata moja lililokuwemo. Niligeuka kwa sababu mdomo wangu ulikuwa umeanza kutetemeka, na nilijua ukiniona utashuka. Nilitaka uende. Nilitaka uende ukawe mtu, na nilitaka ushuke. Yote mawili kwa wakati mmoja, basi nikakupa mgongo.

Presha nilikuficha kwa sababu mama yako alikuwa na mwaka mmoja tu kaburini na wewe ulikuwa umeanza kuitafuta ile nafasi ya kazi. Ungejua, usingekwenda.

Sasa nimeishiwa siri. Pua iko wazi, tundu zote mbili. Kichwa hakiumi, usingizi ninao, vidonge nakunywa saa mbili asubuhi Mshonaji akinisimamia kama askari. Nimejipekua mwili mzima nikitafuta cha kukuandikia kinachouma, sikupata. Ninakuandikia mikono mitupu.

Nimekukumbuka, mama. Njoo.

Baba yako

2 Juni

Baba,

Shikamoo. Hii ni fupi, naogopa isije ikafika baada yangu.

Barua yako nimeipata jana asubuhi. Mchana nikachukua fomu ya likizo ya dharura. Ina mahali pa kuweka alama sababu yako: ugonjwa, msiba, uzazi, nyingine. Nikaweka alama kwenye nyingine. Mkuu wangu akavua miwani, akaniuliza nyingine ipi, maana fomu haipiti bila maelezo.

Nikamwambia baba yangu ni mzima.

Akavaa tena miwani, akasaini. Nafika Jumamosi, basi la asubuhi.

Mwanao